Kromosomu za Soko la Malaba

Mwaka wetu wa mwisho chuoni tulipelekwa watatu kufanya mazoezi ya ualimu katika shule moja ya sekondari kando ya barabara ya Malaba kwenda Amagoro. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Wakati huo sukari na sabuni zilikuwa zimeadimika ng'ambo ya mpaka. Asubuhi tukienda darasani tuliwaona akina mama wakipita na vikapu vya ndizi kuelekea sokoni, na jioni wakirudi na vikapu vilevile, vizito zaidi, vimefunikwa majani ya mgomba. Wanafunzi wetu walikuwa wamekulia katikati ya biashara hiyo. Walijua kuchukua kitu upande huu na kukifikisha upande ule bila kukiangusha, na mara nyingine kikafika kimenenepa njiani. Hilo ndilo lililotuponza.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa Namboboto, na siku hizo nilikuwa na woga mwingi wa kusimama mbele ya watu. Niliuficha kwa kusema polepole, hata wanafunzi wakadhani nina busara. Mwenzangu wa pili alikuwa kijana kutoka Machakos, mrefu, mwenye sauti ya mhubiri wa mkutano wa hadhara. Hata akiomba kupitishiwa chumvi mezani ungefikiri anatangaza kiama. Wa tatu alikuwa msichana wa Kiislamu wa Busia mjini, binti wa mwenye malori, mwembamba, mwepesi wa kucheka, aliyefunga leso yake kichwani kwa adabu na kuficha chini yake utundu mwingi kuliko nywele. Mimi na yeye, wasichana wawili, tulipewa nyumba moja. Yule wa Machakos alipewa stoo ya maabara, akalala pamoja na mifupa ya sungura na chupa za asidi.

Sote tulifundisha biolojia. Mimi nilipewa Kidato cha Tatu mkondo wa kwanza, wa Machakos akapewa mkondo wa pili, na binti wa Busia akapewa Kidato cha Nne kwa sababu hakuonyesha kuogopa.

Mambo yalikwenda salama mpaka tulipofika kwenye kugawanyika kwa seli. Kwa asiyekumbuka, mwili umejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli mna kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi zinazoitwa kromosomu, ambazo hubeba urithi wetu. Binadamu anazo arobaini na sita. Seli ikitaka kugawanyika, kwanza hunakili kila uzi, halafu hukatika katikati, kila upande ukapata fungu kamili. Ni hayo tu. Ukiyasema haraka hivyo ni mepesi kama kumenya yai. Sisi tulitakiwa kuyasema taratibu, ubaoni, mbele ya watu wenye maswali.

Mwenye maswali hasa alikuwa mwanafunzi mmoja aliyekuwa ananizidi umri. Alikuwa Mteso wa upande wa Chakol, mwenye ndevu, mke na ng'ombe, aliyeamua kurudi shuleni baada ya kuyakatiza masomo miaka mingi. Wenzake walimwita Mzee, na walimu nao wakajikuta wanamwita hivyo. Aliketi nyuma kabisa ili miguu yake ipate pa kukaa.

"Madam," aliniambia siku ile, "umesema seli mama inazaa seli binti mbili."

"Ndiyo."

"Kila mara ni mabinti?"

"Ni jina tu, Mzee. Wataalamu wameziita hivyo."

"Hakuna siku moja inazaa kijana?"

"Hakuna."

Akawageukia wenzake. "Huyo mama ni tajiri. Ng'ombe za mahari zitakosa pa kulala."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Nilingoja wanyamaze nikijifanya natafuta chaki. Msichana mmoja wa mbele, mpole, ambaye kwa kawaida hakufungua kinywa, akainua mkono. "Na mama mwenyewe akishazaa anaenda wapi?"

Swali hilo sikuwa nimelitarajia. Mchoro wangu ubaoni ulianza na duara moja na kuishia na maduara mawili, na sikuwa nimewahi kujiuliza lile la kwanza liliishia wapi.

"Hayuko tena," nikasema.

"Amekufa?"

"Hapana. Hajafa."

"Ametoroka?"

"Amekuwa wale mabinti. Yeye mwenyewe ndiye amegeuka akawa wao."

Mzee alitikisa kichwa kwa huzuni. "Pole sana, Madam," akasema, kama mtu aliyekuja matangani.

Hawakuniachia hapo. Kijana mmoja alitaka kujua mwili unakuaje kwa kugawanyika, kwa sababu kwao ugali ukigawanywa unaisha. Nilimjibu kwamba seli hugawanyika, halafu hupumzika, na ikipumzika hunenepa. Jibu hilo lilimpendeza, nami likanipendeza zaidi. Nilikuwa nimelisoma mahali, au nilidhani nimelisoma. Kisha nikaandika ubaoni kwa maandishi makubwa kwamba seli ya mtu inapojiandaa kukatika ina kromosomu arobaini na sita.

Sasa, madarasa yetu mawili yalitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Kabla sijaweka nukta, sauti ya kijana wa Machakos ikapenya kutoka upande wa pili:

"Zimenakiliwa! Kwa hiyo sasa ni ngapi? Tisini na mbili! Semeni nyote!"

"Tisini na mbili!" mkondo wa pili ukaitika.

Darasa langu likatazama ubao, likatazama ukuta, likanitazama mimi. Mzee akainua mkono polepole.

"Madam, kwa jirani zimeshafika tisini na mbili."

Toka siku hiyo ukuta ule ukawa mpaka, na magendo yakaanza. Mzee alikuwa na binamu yake mkondo wa pili. Kila nilichosema asubuhi kilivuka kabla ya chakula cha mchana, na kila kilichosemwa kule kilinifikia kwa heshima zote. "Madam, si sisi tunaosema. Yule mwalimu mrefu amesema wewe unaogopa namba kubwa." Nami nikakasirika. Kumbe kule nako wanamwambia, "Sir, Madam amesema anayefika tisini na mbili amehesabu na vidole vya miguu." Naye akakasirika.

Siku ya tatu hivi alinikabili kwenye ofisi ya walimu, kikombe mkononi.

"Mwenzangu, mimi sihesabu kwa miguu."

"Nani amesema unahesabu kwa miguu? Wewe ndiye umesema mimi naogopa namba kubwa."

"Sijasema hivyo. Lakini arobaini na sita ni namba ndogo! Uzi umenakiliwa. Ulikuwa mmoja, sasa ni mbili. Arobaini na sita mara mbili ni ngapi?"

"Nyuzi zile mbili bado zimeshikana. Kitu kilichoshikana ni kimoja."

"Mume na mke wakishikana mikono wanakuwa mtu mmoja?"

"Padri anasema hivyo."

Binti wa Busia alikuwa ameketi dirishani akila karanga. Kazi yake katika ugomvi huu ilikuwa kumwambia kila mmoja wetu, kwa siri, kwamba yeye ndiye yuko sawa. Tulimgundua siku hiyohiyo, na wa Machakos akamgeuzia sauti.

"Na wewe unayecheka! Kidato cha Nne wameniambia kwamba kidonda kikipona ni kwa meiosisi. Meiosisi ni ile ya kutengeneza mbegu za uzazi, inayopunguza kromosomu ziwe nusu. Ya kidonda ni mitosisi."

Akaacha kutafuna. "Kweli?"

"Kweli. Kwa mafundisho yako, mtu akijikata jembe akapona, kovu lake ni nusu mtu."

Alicheka mpaka karanga zikamwagika. Hakuona aibu hata chembe. "Majina yenyewe yanafanana kama Hasani na Huseni," akasema. "Nitawaambia nilikuwa nawapima."

Pengine ugomvi ungeishia ofisini kama si Mzee. Alikwenda kwa hedimasta akiongoza ujumbe wa wanafunzi, akaomba mdahalo wa Ijumaa safari hii uwe wa walimu wanafunzi, wao wasikilize. Hedimasta alikuwa mtu mfupi wa kaptura na soksi ndefu, mwalimu wa hesabu tangu ujana wake. Aliuliza mdahalo utahusu nini. Mzee akasema utahusu kugawanya. Hedimasta akafurahi sana. "Hilo ni jambo la maana," akatuambia. "Hawa watoto kugawanya kumewashinda tangu shule ya msingi. Nitakuja mwenyewe." Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfafanulia.

Jioni hiyo tulikuwa watatu mezani kwetu tukinywa chai na ndizi. Binti wa Busia akachomoa kutoka kwenye kichane ndizi pacha, mbili zilizokua pamoja, zimeungana kwenye kikonyo kimoja. Alitaka kuila. Akasita, akaiinua juu.

"Hii ni ndizi moja au mbili?"

"Moja," nikasema mimi.

"Mbili," akanguruma wa Machakos.

Akatutazama mmoja mmoja, halafu akaanza kutabasamu kwa namna iliyonitia wasiwasi. "Ugomvi wenu wote huu hapa," akasema. "Msiiguse. Kesho nakwenda Malaba kutafuta nyingine."

Nilikwenda naye, na nilijuta. Soko lilikuwa limejaa. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka karibu na vibanda, na wauzaji wa ndizi, wengi wao kutoka ng'ambo, walikuwa wameketi kwenye magunia. Mwenzangu alimwendea mama mmoja mnene aliyevaa gauni la gomesi la maua, akamwamkia vizuri, kisha akasema, "Mama, nataka ndizi mapacha tu."

"Pacha, nyabo? Mbona wenzako wanazikimbia?"

Tulijua wanavyozikimbia. Pande zetu msichana hali ndizi pacha, asije akazaa mapacha. Mamangu alizitupia ng'ombe.

"Mimi nazihitaji," akasema binti wa Busia.

"Umeolewa?"

"Bado."

"Bado! Na unataka pacha ngapi?"

Hapo angeweza kusema mbili tatu, tukalipa, tukaenda zetu. Lakini utundu ulimpanda. "Ningepata arobaini na sita, mama, ningeshukuru."

Yule mama alipiga makofi mara moja, akashika mdomo. Kisha akawaita wenzake kwa Kiganda, mmoja wao akawapasia wauza samaki kwa Kiteso, na safu nzima ya soko ikageuka kutazama tumbo la mwenzangu. Walipomaliza wakatazama na langu. Nilihamia kwenye nyanya, nikaanza kubishania bei kama mtu asiyemjua. Nyuma yangu nilisikia mama mwingine akimshauri kwa huruma, "Dada, anza na wawili kwanza, uone."

Wakamtafutia kwa bidii, wengine wakicheka machozi yakiwatoka. Zilipatikana tatu nzuri: mbili fupi, na moja ndefu kama ile tuliyoiacha nyumbani. Alizifunga kwenye leso kama mayai. Njiani aliniambia kwamba pamoja na ile zitakuwa nne, na nne zatosha. Angetengeneza seli ya kiumbe mdogo, mwenye kromosomu nne, ndefu na mwenzake, fupi na mwenzake.

Habari zilitutangulia. Jumatatu mpishi wa shule aliniita kando ya jiko, akaniuliza kwa heshima kama dada yangu wa Busia amepata mchumba, na kama huyo mchumba ameambiwa.

Ijumaa ilipofika, ndizi zilikuwa kwenye sahani juu ya meza ya ofisi ya walimu, zimeiva, madoadoa yameanza. Sisi tulikuwa maabara tukipanga stuli. Mwendo wa saa nane gari lililojaa vumbi liliingia uwanjani, akashuka mwalimu wetu wa chuo, yule aliyetufundisha hiyo seli yenyewe na ambaye ndiye angetutolea alama. Alikuwa mzee mnene mwenye miwani mizito. Hakuwa ametuarifu, wakaguzi wa aina yake hawaarifu. Hedimasta alikuwa ameitwa ofisi za Amagoro, kwa hiyo karani alimkaribisha mgeni kwenye ofisi ya walimu, akampa chai ya rangi, akamwacha.

Binti wa Busia alikwenda kuchukua sahani. Alirudi akashika mlango wa maabara kama mtu aliyeishiwa pumzi.

"Amekula kromosomu," akaninong'oneza.

"Nani?"

"Mwalimu wa chuo. Yuko ofisini anapangusa mdomo. Ameniambia ndizi zetu ni tamu."

"Amekula ngapi?"

Akafikiri. "Hilo ndilo tunalokwenda kujadili."

Maganda yalikuwa yamekunjwa vizuri kando ya kikombe, mawili, kwenye kikonyo kimoja. Ilikuwa imeliwa ndefu. Hatukuwa na muda wa kwenda popote kutafuta nyingine. Kengele ilipigwa, shule nzima ikajisonga ndani ya maabara na wengine madirishani. Hedimasta alifika mbio kutoka Amagoro, akaketi mbele karibu na mgeni, mikono juu ya magoti, tayari kusikiliza habari za kugawanya.

Wa Machakos alianza. Alisema kwa dakika nyingi na bati likaitikia. Alipotamka tisini na mbili, mkondo wa pili ulipiga meza. Kisha nikasimama mimi. Nilisema polepole zaidi ya kawaida, na mkondo wa kwanza ukanitazama kama ndugu wanaomsindikiza mgonjwa. Nilimwona mwalimu wa chuo akiandika. Sikujua kama anaandika mema.

Ndipo binti wa Busia akaja na sahani, akaweka ndizi tatu mezani, juu ya duara kubwa alilolichora kwa chaki. "Hii ni seli," akasema. "Na hizi ni kromosomu zake. Kila moja imeshanakiliwa ndani ya kiini, ndiyo maana mnaziona pacha."

Mzee alisimama nyuma, ndevu zake zimechanwa kwa ajili ya siku hiyo. "Madam, naomba kuuliza. Tumefundishwa kwamba kromosomu huja jozi. Hizi fupi ni mbili. Hii ndefu iko peke yake. Hiyo seli si ni mgonjwa?"

"Mwenzake alikuwapo, Mzee. Amemezwa."

"Amemezwa na nani?"

Mwenzangu akatazama dari. "Na mgeni."

Kicheko kilianza madirishani, kwa wale walioona maganda walipopita. Kikaingia ndani. Hedimasta aligeuka huku na huku bila kuelewa. Mwalimu wa chuo alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akasimama.

"Mgeni ni mimi," akasema. "Nilikuwa na njaa. Chuo kimenituma barabara nzima bila chakula, na hakuna aliyeniambia kwamba zile ni kromosomu."

Kisha akaja mbele, akachukua ndizi ndefu iliyobaki na kuishika kwa kikonyo. "Hesabuni hapa, msihesabu pengine. Kwenye kifundo hiki zinaposhikana. Vifundo vingapi?"

"Kimoja!"

"Basi kromosomu ni ngapi?"

"Moja!"

Mkondo wa kwanza ukapiga meza mpaka vumbi likapanda. Nilihisi moyo unapanda nao. Lakini mwalimu wa chuo hakuwa amemaliza. Alipasua kikonyo katikati, kikalia, akashika ndizi moja kila mkono. "Sasa kila moja ina kifundo chake. Ngapi?"

"Mbili!"

Akapasua na zile fupi. Zikawa sita, zote bado ndani ya duara moja la chaki. "Kwa kitambo kidogo," akasema, "nyuzi zikishaachana na kabla seli haijakatika, idadi imekuwa maradufu. Kwa mtu, ni tisini na mbili kweli. Halafu nusu zinakwenda huku, nusu kule, seli inakatika, na kila binti anapata arobaini na sita."

Mkondo wa pili nao ukapiga meza. Hedimasta, aliyekuwa amekunja uso muda wote, aliinua kidole.

"Samahani, mwalimu. Ulikuwa na tatu. Umegawanya. Umepata sita?"

"Ndiyo."

"Umegawanya kwa nini?"

"Nimezikata nusu kwa nusu."

Uso wa hedimasta ukachanua. Akasimama akawageukia wanafunzi. "Mnaona! Tatu kugawanya kwa nusu ni ngapi? Sita! Kila siku nawaambia, mnabisha!" Akaketi ameridhika, na hakuna aliyethubutu kumharibia siku, hata mwalimu wa chuo.

Wa Machakos hakuweza kuvumilia. "Lakini mwalimu," akasema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, "chuoni ulisema tisini na mbili. Nilikusikia."

"Na mimi nilikusikia ukisema arobaini na sita," nikasema.

Alitutazama juu ya miwani, mmoja kisha mwingine. "Nilisema yote mawili. Somo moja, asubuhi moja. Wewe dada ulilala mwisho, na wewe kijana ulilala mwanzo." Akamgeukia binti wa Busia. "Na wewe hukuja kabisa."

Sijasikia kelele kama ile katika maabara yoyote tangu siku hiyo. Kwa wanafunzi, habari kwamba walimu hulala darasani ilikuwa tamu kuliko ndizi. Masikio yangu yaliwaka moto. Na katikati ya kelele mwalimu wa chuo akauliza ni nani aliyewaambia kwamba seli ikiwa haigawanyiki inapumzika. Mzee, kwa adabu kubwa, alinielekezea mkono wote.

"Hapo ndipo inapofanya kazi kubwa," yule mwalimu akaniambia, bila ukali. "Inakula, inakua, inanakili kila uzi. Ungekuwa wewe unanakili nyuzi zote hizo, ungeita hayo mapumziko? Na ndiyo maana binti hawi mdogo kila mara. Anakula kwanza."

Yule kijana wa ugali akasema "Aah!" kwa nguvu, na ile "aah" yake ndiyo iliyonipa ahueni. Kumbe muda wote huo alikuwa amenyamaza tu kwa heshima.

Wasichana hawakugusa zile ndizi hata baada ya kutenganishwa. Wavulana walizimaliza wakitafuna kwa majivuno. Tulimsindikiza mwalimu wa chuo garini. Tulingoja hukumu. Alisema hajawahi kuona shule nzima ikiacha mpira kwa ajili ya kromosomu, akaingia ndani, akafunga mlango. Kisha akateremsha kioo na kumwambia binti wa Busia, "Zana nzuri. Siku nyingine usitengeneze zana tamu."

Mimi na wa Machakos tuliketi siku iliyofuata tukalinganisha maneno yote tuliyoambiwa kuhusu kila mmoja. Vidole vya miguu, woga wa namba kubwa, na mengine yasiyofaa kuandikwa: hakuna hata neno moja tulilokuwa tumesema. Tulimwita Mzee. Alikuja akasimama wima, hana hata dalili ya kujuta.

"Tuliongeza chumvi kidogo, Madam," akasema. "Somo lilikuwa baridi."

Mwisho wa muhula tuliwapa mtihani. Tuliketi watatu kwenye meza yetu tukisahihisha, na ikawa wazi kwamba tulikuwa tumefuta makosa ya zamani na kupanda mapya. Mmoja aliandika kwamba kromosomu hupatikana kwa wingi Uganda. Mwingine, kwamba wasichana hawana budi kuepuka kromosomu pacha mpaka waolewe. Wa tatu alieleza hatua zote za mitosisi bila kosa, akamalizia kwamba mwishowe huja mkaguzi akala moja. Binti wa Busia alitaka kumpa huyo alama zote. Wa Machakos alikataa, wakabishana hadi chai ikapoa.

Karatasi ya Mzee ilikuwa safi. Alihesabu vifundo vizuri, akajua ni nini mitosisi na ni nini meiosisi, akajua kwamba mama hafi wala hatoroki. Lakini chini kabisa, baada ya mstari wa mwisho, alikuwa ameongeza swali lake mwenyewe: kama seli mama zote huisha zikabaki binti tu, na yeye alioa zamani kabla hajarudi shuleni, basi yule aliyeoa mke wake yuko wapi, na huyu aliyeko sasa analala pale nyumbani kwa haki gani?

Nilisoma kwa sauti. Binti wa Busia alilaza kichwa mezani akicheka. Nilimwuliza wa Machakos kama seli zote za mwili hugawanyika, au ziko zinazobaki. Alifungua kinywa kama kawaida yake, akavuta pumzi, na nikajiandaa kwa ngurumo.

"Sijui," akasema.

Kesho yake nilimwambia Mzee vivyo hivyo, kwamba hatujui bado, na kwamba tutauliza. Aliitikia kwa kichwa, akachukua karatasi yake, akaikunja akaitia mfukoni.

"Hakuna haraka kwangu, Madam," akasema. "Lakini mke wangu nilimwuliza lile swali jana, naye ana haraka."